Raya Kaigiza Hata Paka, Mimi Simo

Ijumaa, adhuhuri, Ghubra, Maskati.

Joto limeshaingia na unyevu wake, ule unaomfanya mtu aoge mara mbili na nguo bado zimgande. Wanaume wamekwenda msikitini. Mama amejilaza chumbani kwake. Mimi nimekaa mbele ya vyombo vya chai ya asubuhi ambavyo sijaviosha, na nimeona bora niandike kwanza, maana nikianza kuosha na hali niliyo nayo nitavunja kitu.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilione vizuri. Mnaonisoma hapa mmezoea nikilalamikia magari ya Al Khuwair asubuhi, au mume wangu anavyokoroma. Leo si hayo. Leo ninamwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, na si wivu wa kutamani mkoba wa mtu. Ni kijicho hasa, kile ambacho bibi zetu walikuwa wakikisomea na kukifukizia.

Mdogo wangu anaitwa Raya. Wiki hii anaonyesha mchezo wa kuigiza katika ukumbi mdogo huku Khuwair ya Kusini, na anaigiza peke yake. Jukwaani pana zulia, mto wa kuegemea, dele la kahawa na kanga moja, basi. Kwa muda wa saa nzima na zaidi yeye ndiye watu wote. Mchezo wenyewe unahusu utoto wetu. Hapo ndipo penye mwiba, kwa sababu mimi naandika "wetu" na yeye jukwaani anasema "wangu".

Kwa asiyejua habari zetu nitaeleza kidogo. Sisi tuna jina la ukoo mkubwa, lakini hatukulipata kwa damu. Bibi wa bibi yetu alikuwa mtu wa nyumba yao huko Unguja, yaani alinunuliwa, na waliozaliwa baada yake wakaitwa wazalia. Ukoo ulipohamia Maskati wazalia nao wakaja, na jina wakaja nalo. Ukitazama vitambulisho vyetu huoni tofauti yoyote. Tofauti inatoka siku ya posa, watu wanapoulizana ukufu, nani anamfaa nani kwa asili yake. Inatoka pia siku ya shughuli, inapoonekana nani anakaa na nani anasimama na dele la kahawa. Mama yetu, Bi Saada, alikuwa wa kusimama.

Tulikulia vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa ukoo huo, Bibi Zeyana, Mungu amrehemu. Baba alikuwa dereva. Mama hakuwa mfanyakazi wa mtu, hakuwa na mshahara wala mapatano, lakini kukiwa na harusi au msiba anaitwa, na akiitwa anakwenda. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake.

Jumatano nilikwenda kuutazama mchezo na Bi Shamsa, mkuu wa kitengo changu wizarani. Yeye ndiye aliyekata tikiti. Aliliona tangazo akaja mezani kwangu akasema, "Twende bwana, mchezo wa Kiswahili hapa Maskati, tutaupata lini tena?" Shamsa alizaliwa Tabora, kabila lao linajulikana na halina doa, na Kiswahili chake ni kile cha bara. Ni mtu mwema. Hakujua kama Raya ni ndugu yangu, na asingeweza kujua, kwa sababu kwenye tangazo Raya ameliacha jina la ukoo. Ameandika "Raya binti Saada".

Nilipolisoma jina lile roho iliniuma hata kabla taa hazijazimwa. Saada ni mama yangu pia! Mimi ndiye ninayeishi naye. Mimi ndiye ninayemkanda miguu na kumpeleka kwa daktari wa macho. Haikunipitia akilini hata siku moja kujiita kwa jina lake. Raya huja siku za Ijumaa, akanywa chai, akacheka na watoto, akaenda zake.

Taa zikazimwa, Raya akatoka akiwa Bibi Zeyana. Alitembea hatua chache tu, kidevu juu, mkono mmoja umekusanya buibui kwa nyuma, halafu kile kikohozi kidogo cha kuwaambia watu wa jikoni kuwa bibi anapita. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Mwendo ule ni wangu. Utotoni mwigizaji nilikuwa mimi, wallahi, muulizeni mtu yeyote wa uani. Raya alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya miguu ya mama, akiulizwa jina lake analia. Mimi ndiye niliyekuwa nikijifunga shuka na kukikohoa kikohozi kile mpaka mama anajiziba mdomo kwa ukingo wa kanga asisikike akicheka. Raya alikuwa anatazama tu. Kumbe anaweka akiba.

Akamwigiza mwalimu wetu wa Kurani, aliyekuwa akiwaketisha watoto wa nyumba mbele na sisi nyuma karibu na viatu, halafu anatwambia kwa upole kuwa mbele ya Mungu wote sawa. Akamwigiza baba akifuta gari ambalo halikuwa lake. Akamwigiza mpaka paka wa jikoni, yule wa kijivu, aliyekuwa na ruhusa ya kulala sebuleni ambako sisi hatukuwa na ruhusa ya kukaa. Alimwigiza kwa mabega tu, na watu walimpigia makofi paka. Katika mchezo wote yumo mtoto mmoja, msichana, na msichana huyo hana dada.

Kaigiza hata paka. Mimi simo.

Halafu ikaja hitima.

Kahawa yetu ina adabu zake, na wa Maskati mnazijua. Anayemimina hasemi kitu na anayemiminiwa hasemi kitu. Kikombe ni kidogo na hutiwa chini tu. Ukikirudisha kimya, unamiminiwa tena. Ukitosheka unakitikisa, naye anakipokea na kwenda kwa anayefuata. Usipokitikisa, mmiminaji hana ruhusa ya kukupita. Watoto wa nyumba hufundishwa hayo wangali wadogo. Sisi hatukufundishwa, kwa kuwa hatukuwa watu wa kumiminiwa. Tulichofundishwa sisi ni kuviosha vikombe.

Mume wa Bibi Zeyana alikuwa amefariki. Wanawake wamejaa, wameegemea kuta pande zote za chumba, ubani unafuka, halwa inapita. Nilikuwa na miaka minane, nimesimama mlangoni na Raya tangu asubuhi. Nikaona nafasi kwenye mstari wa wageni, kati ya wanawake wawili wanene, nikaenda nikakaa. Sikuwa na ushujaa wowote. Miguu iliniuma.

Mama akawa anakuja na dele, mmoja baada ya mmoja, mpaka akafika kwangu. Nakumbuka mazungumzo yalivyopungua chumbani. Mama akanimiminia. Nikanywa, chungu sana, nikarudisha kikombe kwa mkono wa kulia kama nilivyoona wengine wakifanya. Akamimina tena. Nikanywa. Nikarudisha. Akamimina. Nilidhani ndiyo adabu yenyewe, kwamba mgeni hunywa mpaka dele liishe. Sijui vilikuwa vikombe vingapi. Raya jukwaani anasema saba, kwa sababu saba inasikika vizuri. Shughuli yote ilisimama kumngojea mtoto wa uani amalize kahawa yake. Mwisho Bibi Zeyana akasema kutoka kwenye mto wake, kwa ile sauti yake ya polepole, "Saada, na huku kuna watu." Mama akakichukua kikombe mkononi mwangu akaenda mbele.

Kutoka siku ile mama hakuitwa tena kwenye nyumba ile. Hazikupita siku nyingi tukahama, tukapanga Al Khuwair, juu ya duka la fundi cherehani. Hakuna aliyenigombeza. Lakini niliwasikia watu wakisema Saada kaachwa na watu wake, nikaelewa kitoto changu kwamba nimemwachisha mimi. Nimekua na jambo hilo moyoni. Hata mume wangu sikupata kumwambia.

Sasa njoo uone Raya alivyolifanya. Jukwaani anakaa kwenye zulia kwa makusudi. Anawatazama wageni usoni, zamu kwa zamu. Anajua kutikisa na anakataa! Mtoto wa miaka mitano! Yeye siku ile alikuwa mlangoni, kidole mdomoni, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo. Baada ya hapo anasimama, anajifunga kanga, anageuka mama. Anashika dele la kweli lenye kahawa ya kweli, anashuka, na kuwamiminia watu wa mstari wa mbele bila kusema neno. Ukumbi wote unanukia hiliki. Ni kitu kizuri, siwezi kusema si kizuri. Ndiyo maana kinaniuma.

Watu walisimama kupiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa analia na kumwambia mwenzake, "Mtoto yule jamani, mtoto yule." Nilitaka kugeuka nimshike mkono nimwambie, mtoto yule ndiye mimi, hebu nitazame. Nilijikaza kisabuni nikatazama mbele, maana Shamsa alikuwa ubavuni kwangu.

Garini Shamsa aliniuliza.

"Aisee, watoto wa wazalia wamepitia mengi, masikini. Huyu binti unamfahamu?"

"Tumekua mtaa mmoja," nikamjibu.

Nimelitafuna jibu langu hilo kwa siku mbili na halijamezeka. Nimefanya kazi wizarani miaka mingi. Nikiulizwa mimi wa nani hutaja jina la ukoo na kunyamaza, na watu humalizia wenyewe. Sijasema uongo hata mara moja. Jina huliacha lifanye kazi yake. Sasa siwezi kusema kikombe kile ni changu bila kusema kwamba mimi ni mtoto wa aliyesimama na dele. Nimeificha nguo kabatini maisha yangu yote, mdogo wangu kaivaa akatoka nayo, napiga kelele kwamba ni yangu. Akili yangu inaliona hilo. Wivu hauna habari na akili.

Jana, Alhamisi, nikampeleka mama. Nitasema ukweli wangu hapa: sikumpeleka ili afurahi, nilimpeleka awe shahidi. Nilitaka auone mchezo, halafu aseme mbele ya Raya, "Aa, yule alikuwa Nasra." Nasra ndiye mimi. Sikutaka zaidi ya hapo. Watu wasijue, Maskati nzima isijue, lakini mama aseme. Kutwa nzima ofisini nilikuwa nalisikia neno hilo likisemwa kwa sauti yake, na barua mbili nikazipeleka idara isiyokuwa yake.

Tuliwekewa viti vya mbele. Mama alivaa buibui lake jipya na kujifukiza udi. Bibi Zeyana alipotoka mama alicheka, nikamwona mkono unakwenda mdomoni vile vile kama zamani. Nikasema moyoni, ngoja, hitima inakuja.

Hitima ikaja. Raya akakaa, akakataa, akashinda. Akajifunga kanga, akashuka na dele. Akamfikia mama. Mwigizaji aliyekuwa mama akasimama mbele ya mama mwenyewe, akainama, akammiminia. Mama akapokea kwa mkono wa kulia. Akanywa taratibu, akarudisha, akamiminiwa tena, akanywa. Kisha akatikisa, mara moja, kidogo tu, akatoa kikombe bila kumtazama aliyekishika, kama mtu aliyemiminiwa tangu kuzaliwa kwake. Waliomjua mama ni nani wakaanza kulia, na wasiomjua wakaambukizwa.

Mimi ndiye ninayemchemshia mama kahawa kila alasiri. Hakuna mtu aliyepata kupiga makofi jikoni kwangu.

Zamu ikaja kwangu. Raya akanimiminia, macho yake yamenitazama kwa sekunde moja nje ya mchezo. Nilitikisa kikombe hata sijakinywa chote.

Njiani nilimpa mama nafasi. Nilizima redio. Nilipita njia ndefu. Mwisho nikamuuliza mchezo aliuonaje. "Mzuri," akasema, "lakini kanzu ile imembana kwapani." Halafu akafumba macho mpaka nyumbani.

Leo asubuhi Raya akaja kunywa chai kama kawaida yake, ana mbaazi mkononi na sauti imemkauka. Mume wangu akamsifu, watoto wakamsifu, binti yangu mkubwa akamwomba aigize paka na akaigiza hapo hapo mezani. Nikamimina chai, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Wanaume wakaondoka kwenda kuoga, watoto wakatawanyika, tukabaki sisi watatu na mandazi.

"Kikombe kile changu," nikasema. Hata neno la utangulizi sikuliweka.

Raya hakujifanya haelewi, na hilo lilinikera zaidi. Aliliweka chini andazi lake.

"N'najua, dada."

"Unajua! Basi mbona umekaa wewe?"

"Ningekuweka vipi? Si wewe ulonambia, andika utakacho lakini mimi usinitie?"

Nilisema hivyo kweli. Alinipigia simu alipoanza kuandika, nami nilikuwa nakoroga mchuzi, nikamwambia asinitie, nina kazi yangu na watu wangu. Wakati ule sikujua kama mchezo wenyewe utakuwa mzuri.

"Ungeitoa hitima yote."

"Nikiitoa hitima nnabaki na paka."

Ningecheka siku nyingine. Nikamwambia ameniibia mwendo, ameniibia kikohozi, ameniibia na mama, na kwamba alikuwa mlangoni na kiatu kimoja. Raya akasema mimi nina kila kitu, nina mama nyumbani, nina cheo, nina watu wanaoniamkia bila kuniuliza asili yangu, na yeye alichobaki nacho ni kusema tu, na kwa kusema huko kuna majumba mawili hayampokelei tena simu. Hilo la majumba sikuwa nalijua. Lilinipunguza kidogo, lakini nilishapanda na kushuka nilikuwa sijui.

Mama alikuwa anakunywa kahawa yake, anatutazama mmoja kisha mwingine.

"Mnagombea kikombe," akasema. "Dele alikuwa nalo nani?"

Tukamgeukia sote wawili.

Nitajaribu kuyaandika aliyoyasema kama alivyoyasema, ingawa mama hasemi kwa mpango. Alisema aliniona nilipokaa. Alikuwa upande wa pili wa chumba, na kati yetu kulikuwa na wanawake wengi wa kumiminiwa, kwa hivyo alipata muda wa kufikiri. Angenipita, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaamua hanipiti. Nilipokirudisha kikombe bila kutikisa alijua palepale kwamba sijui.

"N'ngekuinamia n'kakwambia, tikisa mwanangu," akasema. "Nani angesikia? N'kanyamaza makusudi."

Alikuwa amemwomba baba mara nyingi wahame, na baba anamwambia watu hawa ndio waliotuzika na kutuoza, tutawaambia nini? Nako kulikuwa na kweli yake. Huwezi kumwendea Bibi Zeyana ukamwambia sitaki tena kuitwa. Hukuajiriwa, utaachaje kazi? Jina unalotumia ni lake. Mama akasema, "Kuacha hatukuweza. Kuachwa tuliweza." Basi akasimama mbele yangu akamimina, na kila nikirudisha kikombe kimya akamshukuru Mungu kwamba mtoto wake hana adabu. Alichokiogopa ni kimoja tu, kwamba wale wanawake wawili wanene, mmoja wao atanihurumia aninong'oneze. Hawakuninong'oneza. Na Bibi Zeyana alipotaja jina lake kwa ile sauti ya polepole, mama alijua kwamba imekwisha, hataitwa tena. Alikwenda jikoni akaliweka dele chini, akacheka peke yake.

"Na wewe," akamgeukia Raya, "mkono wako kule umetulia mno. Wangu ulikuwa ukitetemeka."

Nilikuwa nimelishika andazi tangu mwanzo wa maneno yale, na mafuta yake yamenishuka mpaka kiwikoni. Miaka yote nimejiona mtoto aliyemwachisha mama yake. Raya amejiona mtoto aliyewashinda wakubwa, na ameuzunguka ukumbi na ushindi huo. Katika hadithi yake na katika yangu mama ni mkono unaomimina. Hakuna kati yetu aliyepata kumuuliza.

Raya alijifunika uso kwa viganja akalia. Halafu, na hapa ndipo nilipojua kwamba mwigizaji ni mwigizaji, akafuta macho akachukua simu yake mezani. "Mama, rudia. Pale pa kuachwa. Rudia kidogo." Mimi nikaona wivu upya, saa ile ile, hata machozi yangu hayajakauka. Keshapata na hilo! Nikamnyang'anya simu nikaikalia. Watu wazima sisi, wenye watoto. Mama akatwambia tumwondolee mashaka, miguu inamuuma, anataka kulala.

Kabla mama hajasimama, Raya akaniuliza mbele yake. Kesho Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya mchezo. Anataka kuibadilisha hitima, aiweke kama ilivyokuwa, na mtoto awe na dada. "Nikutaje kwa jina au nikuache?" Hakuniuliza kwa shari. Mama alikuwa anakusanya makombo ya mandazi kwa kidole, wala hakunitazama.

Nilijua nini kinaulizwa. Shamsa ameshasema atarudi kesho na dada zake, ameupenda mno. Mume wangu ni wa asili kama yetu na hajawahi kuificha, watoto wanajua, kwa hivyo sikuwa na mtu wa kumsingizia. Ni mimi tu na ofisi yangu na lile jina ninaloliacha lifanye kazi. Nilikaa juu ya simu ya Raya nikitafuta sababu, na kila niliyoipata ilikuwa ndogo nikiitazama karibu na mwanamke aliyekuwa anakusanya makombo.

"Nitaje," nikasema.

Raya akanirukia shingoni. Nilimsukuma kidogo, maana nilikuwa bado nimekasirika, na hata sasa hivi ninavyoandika bado nimekasirika. Kesho atapigiwa makofi kwa maneno ya mama na kwa kikombe changu, na mimi nitakuwa nimekaa kitini na mkoba mapajani. Hilo halijanitoka, na sitajifanya limenitoka.

Lakini tangu asubuhi kuna jingine limeingia, na hili ni zito zaidi. Namwonea wivu mama. Siku ile alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo. Ana watoto wawili, vyumba si vyake, mume anaogopa, chumba kizima kinamtazama, na akaamua bila kufungua mdomo. Mimi nina mshahara wangu, nina nyumba yangu, nina jina langu kwenye mlango wa ofisi, na Jumatano nimeulizwa swali moja na mtu mwema, ndani ya gari, nikaogopa.

Nasikia milango ya gari nje, wanaume wanarudi, na wali sijaupalia. Keshokutwa Jumapili nitaingia kazini. Shamsa atakuwa ameshalisikia jina langu jukwaani, atakuja mezani kwangu na maswali yake, na safari hii ataniuliza habari zangu mimi. Sijui nitaanzia wapi. Ninachokijua ni kwamba Raya hatakuwapo kunijibia.